Punje Isiyopepesa

Miaka minne nimekuwa nikichungulia punje zisizojua kukaa macho. Ni kristali za jamii ya zile zinazotengenezewa chipu za simu, ila ndogo mno, kwenye hadubini unaona mwanga wake tu. Ukizimulika kwa leza zinawaka, halafu mojawapo inazima bila kuaga, kisha inawaka tena inapojisikia. Tasnifu yangu ilihitaji punje moja tu isiyozima. Bila hiyo, shahada sina.

Wiki iliyopita nikaipata. Dakika arobaini haikupepesa! Nikapiga kelele peke yangu kwenye chumba cha giza, nikampigia mama.

"Mama, imewaka na haizimi!"

"Kwani mlikuwa hamna umeme?"

Profesa wangu, ambaye tunamwita Bwana Tayari kwa kuwa kwake kila kitu ni tayari, hakutaka kusikia habari za kipimo cha mwisho, cha kuhakikisha kwamba ni punje moja kweli. Siku ileile akamwalika mkuu wa chuo aje anisikilize nikiitetea tasnifu.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Punje moja hutoa mwanga tone moja moja, kwa hiyo vitambuzi viwili haviwezi kuunasa kwa wakati mmoja. Nikakifanya kwa siri asubuhi ya siku ya utetezi. Vitambuzi vikanasa pamoja, tena na tena. Haikuwa punje bali lundo, pengine punje nane. Moja ikisinzia, wenzake wanaifichia siri, kama makarani wa masjala ya chuo chetu. Nililia, na sioni aibu kusema.

"Mchoro huo uache mezani," Bwana Tayari akaninong'oneza mlangoni, alipoyaona matokeo ya kipimo mkononi mwangu. "Nani atauliza?"

Kweli, hakuna aliyeuliza. Hilo ndilo lililonikera. Wajumbe wa jopo walikuwa wanatabasamu na kutazama saa zao. Nikauonyesha mchoro ukutani, nikasema nilikosea.

Bwana Tayari akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Mimi ndiye niliyemsisitizia apime," akasema. "Sayansi bila uaminifu si sayansi."

Akapigiwa makofi. Mkuu wa chuo akamshika mkono, hataki kuuachia. Mimi nikaongezewa mwaka.

Mama akanipigia nikiwa bado kwenye ngazi.

"Umefaulu, mwanangu?"

"Bado, mama. Mpaka mwakani."

Akashusha pumzi. "Na profesa wako anasemaje?"

"Yeye amefaulu vizuri sana."