Barua Arobaini na Moja za Theogene

Mimi naitwa Kanyana, na aliyetaka zile barua ziandikwe ni mimi. Nasema mapema kwa sababu hapa Buffalo, Marekani, watu wamemlaumu mume wangu vya kutosha.

Theogene ni shemasi, na wiki nzima anapanga maboksi ghalani. Tangu 2011 alikuwa anawatumia watu wetu pesa nyumbani: mtu anatuletea dola hapa, kesho yake kaka yake Theogene kule Uvira, Kongo, anamlipa mama wa huyo mtu. Watu wetu wa miji ya Columbus na Louisville waliwapa wasafiri watuletee. Hakuna aliyedai risiti. Risiti ni ya watu wasiojuana.

Bon. Mwaka 2015 akasikia kazi hiyo ina leseni. Mtu mwingine angenyamaza. Yeye akampigia Wafula, Mkenya mmoja mhasibu anayekaa Westerville, karibu na Columbus. Wafula akamweleza: kila jimbo lina leseni yake, kila leseni ina ada yake, ukaguzi wake, na dhamana ambayo ukiuza nyumba zote za mtaa wetu wa Lower West Side huenda usiifikie.

"Mzee, acha hiyo kazi kimyakimya," akasema. "Kuifanya bila leseni ni jinai, na wewe unasubiri uraia."

Uraia ndio uliokuwa roho yetu. Kule kwetu milimani tuliambiwa si raia, kwenye kambi ya wakimbizi tukaambiwa si raia. Nilitaka mume wangu afe akiwa na nchi.

Kazi aliiacha siku ileile, lakini kunyamaza kulimshinda. Akaomba leseni. Fomu ikauliza ana uzoefu gani, naye akakaa na kalamu mkononi jioni nzima. Hapo ndipo mdomo wangu ulipotuponza. Kwetu mtu hajisifu, kanisa ndilo linalomshuhudia. Nikawapigia simu waumini wa miji yote mitatu, waandike jinsi alivyowatumia pesa zao. Zikaja barua arobaini na moja, kila moja na tarehe, kiasi na sahihi. Mzee Nyarugabo wa Louisville alijaza kurasa nne, akamalizia na Zaburi. Nilizipeleka posta mwenyewe, nimevaa kitenge cha Jumapili.

Kisha nikampigia Wafula kumweleza.

"Shemeji," akasema, "serikali inalipa watu mishahara minono watafute ushahidi kama huo. Nyinyi mmeubandikia stempu."

Tukaitwa kwenye ofisi ya leseni. Wafula alikuja kututafsiria. Afisa alikuwa mama mmoja mpole, barua zetu amezipanga mbele yake, na nilimwona machoni kwamba anataka kutusaidia. Akasema labda waumini wametia chumvi. Labda shemasi aliwasaidia ndugu mmoja wawili tu. Ikiwa ndivyo, faili ingefungwa kwa onyo. Nikamkanyaga Theogene mguu chini ya meza.

"Hawakutia chumvi," akasema. "Donc, wako na wengine watatu hawakuandika, hawajui kusoma. Niwataje?"

Wafula akatafsiri neno kwa neno. Mimi nilikuwa nawaka. Shemasi wangu aliona afadhali awe mhalifu kuliko wazee wake waitwe waongo.

Afisa akashusha pumzi, akaandika. Kisha akauliza swali la mwisho: pesa zikiletwa nyumbani, nani alikuwa anazipokea na kuandika majina?

Theogene alikuwa akishinda ghalani. Kila dola ilipita mikononi mwangu, jikoni kwangu. Ila kwa desturi yetu unasema umempa mwenye nyumba, kwa hiyo katika barua zote arobaini na moja jina langu halikuwemo. Nikafungua mdomo.

"Mimi," Theogene akasema, kabla sijatoa neno. "Nilikuwa peke yangu. Mke wangu hajui kitu."

Miaka kumi na tisa ya ndoa sikuwahi kumsikia akidanganya. Alidanganya vizuri, bila kupepesa jicho, na afisa akamwandika peke yake.