Treni Haigongwi

Siku ya pili ya mgomo wa mabasi, Mama Mvuke alisimama ndani ya treni amebanwa mpaka mkoba wake ukaning'inia bila kushikwa. Wenzake hospitalini walimbandika jina hilo kwa sababu ndiye mwendesha mashine ya mvuke inayotakasa vifaa vya upasuaji. Mashine hiyo ikiwa baridi hutaka saa moja na nusu, wala haibembelezeki. Mwenzake wa zamu alikuwa amekwama ng'ambo ya mji. Upasuaji ulikuwa saa nne, na wa kupasuliwa ni mama mkwe wake, aliyevunjika nyonga. Daktari wa mifupa akiondoka leo, kurudi kwake ni baada ya mwezi.

Na dereva wa basi ambaye angemfikisha ni mumewe.

"Siwezi kuliwasha, mke wangu," alikuwa amemwambia alfajiri, macho chini. "Wenzangu wanasinzia kwenye usukani kwa uchovu. Nikiwageuka leo, nitawatazamaje?"

"Nani kakuomba basi? Kalinde mgomo wako. Mimi nakwenda kwa mamako."

Alijibu kwa ukali, lakini moyoni alijua mumewe ana haki, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

Lango la hospitali likatokea dirishani. Mkono wake, uliozoea basi miaka kumi na miwili, ukagonga ubavu wa behewa, ngo, ngo!

"Shusha hapo hospitali!"

Behewa zima likaangua kicheko. "Dada, treni haigongwi!" mzee mmoja akamwambia. "Kituo chako tumekiacha kabla ya daraja."

Kumbe muda wote alikuwa akingoja kushushwa langoni! Alijisonya mwenyewe. Alipofika kituo kilichofuata ilikuwa saa mbili na robo. Maji yakimwagika hayazoleki, basi akajifunga kibwebwe na kurudi kwa miguu, mara mbio, mara hatua za haraka, jasho likimtiririka.

Muuguzi mkuu alimpokea mlangoni. "Saa tatu kasoro kumi hii! Daktari anataka kuahirisha."

"Mwambie saa nne na nusu vifaa vitakuwa mezani. Akitaka kuondoka, aje aniage mimi kwanza."

Mashine ilipoanza kuvuma, akachungulia wodini mara moja.

"Mwanangu kakuleta?" mama mkwe akauliza, sauti imemkauka kwa maumivu.

"Mwanao kagoma, mama."

"Sasa umefikaje?"

"Kwa miguu. Yenyewe haijagoma."

Bibi yule alicheka, kisha akalia, akamshika mkwewe mkono kwa nguvu. Mama Mvuke naye machozi yalimlengalenga, lakini akajichomoa akarudi kwenye mashine yake.

Saa nne na dakika ishirini na nane alisukuma toroli la vifaa mpaka mlango wa chumba cha upasuaji. Daktari alikuwa ameshanawa mikono, anamsubiri.