Gari la Mama Noela, Gari la Baba Noela

…na hapa kwenye vinukta ndipo jina langu linatakiwa, Damasi, shahidi, saini halafu tarehe, wakili amenipa na kalamu yake nzuri ya wino wa bluu, ananiambia soma taratibu mzee, hatuna haraka, mwongo huyu, haraka anayo, benchi la nje limejaa watu, lakini kaniambia nisome na mimi nasoma, matangazo ya misa nimeyasoma mbele ya watu miaka na miaka, karatasi moja itanishinda? Mimi Damasi, mtu mzima, Mkristo, mkulima na mkazi wa Mutuka, naapa na kusema, kweli, kwamba Sosthenes ni mdogo wangu wa tumbo moja, kweli, kwamba alifunga ndoa kanisani na Wilhelmina, kweli, nilikuwepo, nilibeba masufuria, kwamba gari aina ya kirikuu, pikapu ndogo, lililopinduka Bonga ni mali yao ya pamoja, mume na mke, hapo… hapo nimesimama, nasoma nasoma sivuki, na wenyewe wako pale ukutani kama watoto wanaosubiri kipaimara, Sosthenes kajishika mbavu, mkewe mkoba magotini, Mama Noela huyo, mdomo wote ule leo umefungwa, ananitazama mkono, si uso, mkono wenye kalamu, tazama tu shemeji, leo na wewe unasubiri mtu aseme ndiyo.

Wakili alinieleza tangu mlangoni, tena kwa sauti ya kumweleza kiziwi, kadi ya gari ina jina la Sosthenes, bima kubwa imekatwa kwa jina la Wilhelmina, maana mwaka huu ni yeye aliyekwenda na kitambulisho chake, wakaandika jina la aliyesimama mbele yao, hakuna aliyeona shida, nani anaona shida gari likiwa zima, mpaka Sosthenes alipomkwepa ng'ombe pale Bonga, ng'ombe akabaki barabarani anacheua na gari likalala mtaroni matairi juu, ndipo watu wa bima wakafumbua macho, aliyekata bima si mwenye kadi, mwenye kadi hakukata bima, sasa tumlipe nani, leteni ushahidi kwamba ni lenu wote wawili, wakapeleka cheti cha ndoa, wakaambiwa hiki kinasema mmeoana, hakisemi gari, na gari hivi sasa liko gereji, kuku wanalala kwenye kiti cha dereva nimewaona kwa macho yangu, na bila gari Mama Noela ni nani, mbaazi za biashara yake atazitoa vijijini kwa kitu gani, kichwani? na Sosthenes anajua usukani tu, jembe alilikimbia akiwa kijana na mimi nikamlimia sehemu yake, bima wasipolipa hawa watu wamekwisha, wanajua, mimi najua, hata wakili anajua ndiyo maana anajifanya anapanga mafaili.

Na aliyewaharibia ni mimi, wala sikukusudia, au nilikusudia kidogo… bima walimtuma mtu aje aulize mitaani gari ni la nani, akaanza kwao Bagara, fundi wa pancha akasema la mama, mwenye duka akasema la baba, Konstantini, binamu yetu, akasema la baba kwa sababu mama ndiye aliyemwambia hivyo, yule mtu akachanganyikiwa akaja mpaka Mutuka, akanikuta napukuchua mahindi, akanisalimia vizuri tu, shikamoo mzee, marahaba, eti gari la mdogo wako ni la nani hasa, nikamwambia kijana, ukimuuliza mume atakuambia la mke, ukimuuliza mke atakuambia la mume, mimi nimewauliza wote wawili siku moja, andika unavyotaka. Akaandika. Aliandika anacheka. Baadaye bima wakasema basi, huyu aliyesema hivi ndiye aje aape, hatutaki mwingine, na Jumapili iliyofuata nikaona wageni uani kwangu, Mama Noela na mfuko wa sukari, na sabuni za mche, na mafuta ya kula, mwanamke ambaye hajakanyaga kwangu tangu mke wangu Otilia, Mama Severine, atoke hospitali, ati shemeji tumewakumbuka, mmetukumbuka bwana, akutendaye mtende.

Kwa sababu siku ile, siku ile sitaisahau, Jumapili mchana, Otilia tumbo limemkamata anajikunja kitandani, jasho linamtoka, kidole tumbo kumbe, sisi tunadhani ni chango, nikampigia Sosthenes, mdogo wangu, njoo na gari umchukue shemeji yako hali ni mbaya, akasema kaka ningekuja sasa hivi, ila gari si langu, ni la Mama Noela, na ana safari nalo, zungumza naye, nikamwambia nipe namba yake, akanipa, mume ananipa namba ya mkewe kama vile wanaishi mikoa tofauti, nikampigia, akasema pole sana shemeji, mimi napanda tu, mwenye gari ni Baba Noela, siwezi kuamua, na kwenye simu ya Sosthenes nilikuwa nimesikia mpira, mtangazaji anapayuka kona, kona, na kwenye simu ya Mama Noela nikasikia mtangazaji yule yule, halafu likafungwa goli, na nikamsikia mdogo wangu akishangilia pembeni ya mkewe. Nilikata simu, nikaita bodaboda, tukapanda mshikaki, dereva mbele, Otilia katikati, mimi nyuma nimemkumbatia asidondoke, kila tuta la barabara alikuwa anaguna, kichwa kakilaza mgongoni kwa kijana wa watu, na tulipofika kwenye lami akasema tumefika, kumbe bado, walimpasua jioni hiyo hiyo, daktari akasema mngechelewa tungekuwa tunazungumza mengine, na mke wangu hakuwahi kulitaja lile gari, hata mara moja, mimi ndiye nilikuwa nikilitaja kila siku, yeye alisema tu gari ni la watu.

Basi nimekuja leo nikiwa na jibu langu, nimelibeba tangu nyumbani, nilitaka nisome mpaka mwisho, niweke kalamu chini, niseme mimi sijui kama ni la pamoja, mliniambia kila mmoja si lake, mimi ni nani nibishane na wenye mali, halafu nisimame nichukue kofia yangu nikanywe chai, na chai hiyo ingekuwa tamu kweli kweli… mkuki kwa nguruwe… lakini wakili ananisemesha, nini, anasema pale kwenye aya hiyo niongeze sababu, bima watauliza, shahidi anajuaje kwamba gari ni la wote wawili, ulikuwepo wakinunua? sikuwepo. Waliwahi kukuambia ni lao? Hapo Sosthenes amekohoa na mbavu zikamuuma, nimemwona, akafumba macho.

"Waliniambia wote wawili kwamba si lao," nikasema.

Wakili ameacha kupanga mafaili, anasema hiyo nitaiandikaje mzee, na mimi mwenyewe najiuliza, kwa sababu limenitoka kama kejeli na sasa nikilisikia tena halikai kama kejeli, mtu mwenye chake husema changu, si ndivyo, ukimwomba mtu jembe lake atakuambia jembe langu bovu, jembe langu nalitumia, jembe langu sikupi, lakini kumsukumia mwenzako, la mke wangu, la mume wangu, na mwenzako akupokee akusukumie wewe, bila kupishana, bila mmoja kumuumbua mwenzake hata siku moja, miaka yote hiyo, Babati nzima wakizungushwa, hilo linawezekana kwa watu wawili tu wenye kitu kimoja, angekuwa nalo Sosthenes peke yake angeropoka langu, namjua, tangu utoto kila kitu kilikuwa chake, mpaka shuka tulilojifunika lilikuwa lake. Ebo. Kwa hiyo najua. Hakuna anayejua kama mimi, niliyezungushwa kwa simu mbili mchana mmoja. Ushahidi ninao, na unanikera kuwa nao.

Mama Noela amesogea mbele kwenye benchi, mkoba umeanguka hakuuokota, na sauti yake ni ndogo, sijawahi kuisikia ndogo hivyo.

"Tulikubaliana, shemeji. Konstantini aliporudisha gari gia zimekufa, tulikaa jikoni tukakubaliana, mimi nimtaje yeye, yeye anitaje mimi. Na siku ile Mama Severine anaumwa tulikuwa tumekaa wote wawili, tunatazama mpira."

Haya, amesema, mbele ya wakili amesema, hakusingizia mume, Sosthenes kainamisha kichwa lakini mkono wake uko kwenye bega la mkewe, na mimi nilidhani nitafurahi, nimeingoja siku hii, nimeilia yamini nikiwa napalilia, na nikitafuta furaha siioni, naona wamekaa jikoni, ndicho ninachokiona, mafiga, sufuria ya maharage, mwanamume na mkewe wanapanga uongo wao, wewe sema hivi, mimi nitasema hivi, labda walicheka, walicheka hakika, mambo mabaya, yalinitia uchungu na nusura yaniulie mke, lakini walikaa, na mimi na Otilia tulikaa lini? tulikaa lini jikoni tukapanga kitu, hata uongo, hata wa kumkwepa mgeni, mimi huamua nikiwa njiani narudi na nikifika namwambia, tunauza ile mitamba, sawa Baba Severine, Severine ataacha shule aje kunisaidia, sawa Baba Severine, akalia kidogo lakini akasema sawa… na wale wa upimaji walipokuja Mutuka, mwaka jana, na vyombo vyao vya miguu mitatu, watu wanaandikisha mashamba wapewe hati, mimi nilikuwa kule chini kwenye bikoni nawaonyesha mpaka, nikawa napanda, nikasikia afisa anamuuliza Otilia, maana yeye ndiye alikuwa shambani tangu alfajiri, kanga kafunga kiunoni, mama shikamoo, shamba hili ni la nani, akajibu la Baba Severine, na akaninyooshea mkono, yule pale. Na afisa alikuwa mtu mzuri, alinisubiri, akaniambia mzee, nafasi ya jina la pili ipo, tumwandike na mama? nikasema andika langu, linatosha, mimi na mke wangu ni kitu kimoja, na nikaona nimesema vizuri, watu wa vyombo wakatikisa kichwa wakakubali, Otilia akarudi kwenye mstari wake akaendelea kupalilia, kalipalilia shamba hilo tangu tulipokuwa tunalala kwenye kibanda cha mabua, visiki kang'oa yeye, mimi nilikuwa kwenye vibarua vya Magugu, visiki vyote vile vya upande wa juu kang'oa yeye akiwa na mimba, na kesho nikiangukia mtaroni mimi, si gari, mimi, wakija ndugu zangu na hati yenye jina langu wakasema leta ushahidi, atamleta nani, nani aje aape hapa kwenye kiti hiki, aseme nilimsikia Damasi akisema letu, hakuna, hakuna aliyewahi kunisikia, mimi nasema langu, shamba langu, mahindi yangu, ng'ombe wangu, miaka yote, msikitini na kanisani watu wa Mutuka wote ni mashahidi wangu, wangu mimi.

Wakili anasema basi mzee, nimeiandika hivyo hivyo ulivyosema, na alivyoongeza shemeji yako, tuendelee, na Sosthenes ananiita kaka, kaka, taratibu, na vinukta viko pale pale, ncha ya kalamu imegusa karatasi imeacha tone la wino, nitasaini, hilo limekwisha, sina hata hasira ya kutosha ya kuacha, ila mkono umekaa tu, kwa sababu namsikia mwanamke kwenye simu na mpira nyuma yake, ni la Baba Noela, na nilijua saa ile ile kwamba ananidanganya, na nikamchukia kwa kudanganya, na Otilia alisema maneno hayo hayo, ni la Baba Severine, jembe mkononi, jua la mchana, kwenye shamba alilolifyeka mwenyewe, na hakuwa anamdanganya mtu.