Baiskeli: Hakuna

1.

Unashuka.

Haijalishi umebeba nini. Gunia la mkaa, mke wa mtu, madumu ya maziwa. Ukifika darajani ukasikia Mwabuzenga kuna msiba, unashuka kwenye baiskeli unaisukuma mpaka upite mashine ya kukoboa, ndipo unapanda tena. Ni hivyo hadi aliyekufa azikwe. Hakuna aliyeliandika hili popote. Mgeni akipita amepanda hatukanwi. Anatazamwa tu, na akitazamwa vile anashuka mwenyewe.

Nimepita barabara nyingi. Sijaona kwingine.

Magari hayashuki.


2.

TANGAZO

YAH: MAOMBI YA FEDHA ZA USALAMA WA WAENDA KWA MIGUU NA WAENDESHA BAISKELI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Halmashauri ilipokea maombi ya kijiji cha Mwabuzenga ya kujengewa njia ya pembeni kando ya barabara ya lami, pamoja na kivuko. Kwa mujibu wa mwongozo, fedha hizo hutolewa pale ambapo matumizi ya baiskeli yamethibitishwa kwa kuhesabiwa. Zoezi la kuhesabu lilifanyika, na matokeo yake ni haya:

Magari: wastani.
Waenda kwa miguu: wengi.
Baiskeli: HAKUNA.

Hivyo ombi halikukidhi vigezo. Mnashukuriwa kwa ushirikiano mlio


(Karatasi iliishia hapo. Kona ya chini ililiwa na mbuzi wa mtendaji.)


3. Kwa fundi baiskeli, chini ya turubai

— Hakuna?

— Imeandikwa hakuna.

— Soma vizuri, wewe na shule yako ya jioni.

— Ha. Ku. Na.

— Sasa mimi hapa naziba pancha za nini? Za ng'ombe?


4. Minza

Siku waliyokuja kuhesabu tulikuwa tunamzika mume wangu.

Sayi. Lori lilimkuta pale kwenye kona ya mashine, asubuhi, na maziwa yake. Pale huna pa kukwepea. Lami inaishia, mtaro unaanza.

Walikuja watu wa vijiji ambavyo sikujua kama Sayi anafahamika huko. Wote walishuka darajani. Siku ile niliinua kichwa mara moja tu, nikaona barabara nzima imejaa baiskeli na hakuna hata moja yenye mtu juu yake. Nikasema moyoni, Sayi, tazama.

Hizo ndizo baiskeli ambazo hazikuwepo.

Sasa yake naiendesha mimi. Madumu pembeni, Holo mwanangu nyuma kwenye keria, amenishika kiuno mpaka sekondari. Tukisikia lori nyuma yetu, Holo anaacha kuongea. Ni mtoto wa maneno mengi yule. Anakatika katikati ya

mpaka lori lipite.

Sitaki mwanangu azoee kunyamaza namna hiyo. Naitaka ile njia.


5. Karani

Wewe unayesoma, usinicheke kwanza. Naitwa Fulgence, ni karani wa muda, kwetu si huku. Nilipewa mwavuli, kiti na fomu. Fomu ina safu ya anayeendesha baiskeli na safu ya anayetembea. Akapita mtu anasukuma. Anatembea? Anatembea. Nikaandika anatembea. Wa pili hivyo hivyo, na wa tatu, na msururu. Nilidhani wamepata pancha wote. Kweli tupu, nilidhani kuna mtu amemwaga misumari.

Nikamuuliza mama mmoja, "Mbona hampandi?"

Akanitazama kama nimevua suruali.


6. Kikao, ofisi ya mhandisi

LUHENDE, mwenyekiti wa kijiji: Mama mhandisi, habari za kazi.

MHANDISI BUPE: Nzuri, mzee. Shikamoo.

LUHENDE: Marahaba. Hatukuja kuomba. Ushuru wa maziwa tunalipa. Wa gulio tunalipa. Faini ya baiskeli isiyo na taa tunalipa. Tumekuja kuuliza tu: hiyo faini mlikuwa mnamtoza nani, kama baiskeli hakuna?

(Walicheka. Mhandisi naye, ila alijaribu kuficha kwa faili.)

BUPE: Nitamrudisha karani siku ya gulio. Lakini ni mara hiyo moja, mzee. Baada ya hapo bajeti inafungwa, na kuna vijiji vingine vinasubiri. Na mwongozo haujabadilika. Anahesabiwa aliyepanda.

MINZA: Tutapanda.


7.

Ungewaona.

Watu walitoa baiskeli darini. Zikapakwa mafuta ya kupikia, mengine yalikosekana. Kengele zilizokufa zikafufuka. Fundi akafanya kazi mpaka mikono ikawa haifunguki. Mmoja alipaka rangi nyekundu fremu nzima, na tandiko, na suruali yake. Wazee wawili walibishana baiskeli ya nani iliwahi kufika Tabora bila kusukumwa, wakagombana kabisa, kila mmoja akaapa kupita mbele ya mwenzake.

— Na wewe mzee mtembezi, huna baiskeli?

— Sina.

— Utapita na nini?

— Nitaona.

Wakanicheka. Nami nilicheka. Kijiji kilikuwa kama kinaoa.


8.

Alfajiri ya siku ya gulio, Bibi Ng'washi, mama mzazi wa mwenyekiti Luhende, hakuamka.


9. Uani kwa Luhende

Baiskeli zote zilikuwa nje ya ua zinameta. Hakuna aliyezitazama.

Luhende alitoka ndani. Hakuwa amevaa viatu.

— Mama ni wangu, akasema. Msiba ni wangu. Nawaruhusu. Pandeni, mkahesabiwe, tutalia baadaye. Hata yeye angewaambia hivyo.

Watu wakamtazama Minza. Ile njia yeye ndiye aliyeisemea kuliko wote.

— Baba Luhende, siku ya Sayi ulishuka?

— Nilishuka.

— Na goti lako lile bovu?

— Nilikuwa nalo.

— Mpaka mashineni?

— Minza, usinifanyie hivi.

— Basi na mimi kwa mama nashuka.

Mtu mmoja nyuma akasema, "Na njia je?"

— Njia naitaka. Naitaka kuliko nyinyi wote mliosimama hapa, na mnajua kwa nini. Lakini sitampita Bibi Ng'washi nimepanda ili serikali inione.

Mwingine akaanza kusema kwamba labda wachache tu, vijana, wazunguke kule


Hakumaliza.


10.

Basi tukaenda hivyo. Kutoka darajani, wote chini, kila mtu ameshika usukani kama anavyoshikwa mgonjwa mkono. Yule wa rangi nyekundu. Wale wazee wawili, bega kwa bega, hakuna aliyetangulia. Minza na madumu yake. Holo upande wa pili akisaidia kusukuma.

Kengele hata moja haikulia. Nadhani hicho ndicho kitu cha fahari kuliko vyote nilivyowahi kuona barabarani, na nimetembea tangu sina ndevu.

Fulgence alikuwa chini ya mwavuli wake, fomu gotini. Safari hii alijua. Alivua kofia. Lakini kalamu yake ilikuwa pale pale, kwenye waenda kwa miguu, na machozi yalimlenga.

— Mniwie radhi, alisema. Nimeambiwa aliyepanda.

— Fanya kazi yako, mwanangu, Minza akamwambia.


11.

Ikaja pikapu ya Halmashauri.

Mhandisi Bupe alikuja kujionea mwenyewe. Dereva akapunguza mwendo, akapiga honi kidogo, ile ya adabu. Watu wakampisha. Hawakumnunia, walizoea. Magari hayashuki.

Pikapu ikasimama.

— Kuna nini? mhandisi akauliza dirishani.

— Msiba, mama, akasema Holo. Bibi amefariki. Hatupandi mpaka azikwe.

Mhandisi alitazama msururu ule mbele, akautazama nyuma. Mimi nilikuwa karibu, nilimsikia akivuta pumzi.

— Zima gari.

— Hapa katikati, mama?

— Zima. Toa gia.

Akashuka. Akajifunga kitenge alichokuwa ametandika kwenye kiti, akaenda nyuma ya pikapu, akaegemeza mikono.

— Kwetu Tukuyu nako msiba una heshima zake, alisema. Dereva, shika usukani kwa nje.

Akasukuma. Pikapu haikumjali. Akasukuma tena, kiatu kikateleza. Yule wa rangi nyekundu akampa mwenzake baiskeli, akaja. Wakaja mafundi, wakaja wanawake wa maziwa. Gari la serikali likaanza kwenda, taratibu, bila muungurumo, katikati ya baiskeli, likapita mbele ya nyumba ya Bibi Ng'washi. Luhende alikuwa amesimama mlangoni. Aliinamisha kichwa.

Sijui kama kuna mahali pengine gari liliwahi kushuka.


12.

Likafika kwenye mwavuli.

Fulgence alisimama, fomu mkononi, hajui atazame wapi.

— Mama mhandisi. Hili niandike nini?

— Hulioni?

— Naliona. Lakini linasukumwa.

— Ni gari, Fulgence, akasema huku akihema. Andika gari.

Akaandika gari.

Minza alikuwa nyuma yao moja kwa moja, jasho likimtiririka, madumu yamesimama. Hakupandisha sauti. Alisema kwa sauti ya msibani.

— Na hii?

Fulgence akamtazama mhandisi. Mhandisi alitazama mikono yake mwenyewe, ilikuwa na vumbi la pikapu. Alitazama kona ya mashine, pale lami inapoishia. Mwongozo alikuwa anaujua kwa kichwa, na wakubwa waliouandika alikuwa anawajua kwa majina.

Minza hakungoja jibu. Akasogeza gurudumu mpaka karibu na kiti cha karani.

— Baiskeli, akasema.

Akapita.

Holo nyuma yake, mkono kwenye keria, akarudia kama vile karani ni kiziwi:

— Baiskeli.

Mzee wa kwanza.

— Baiskeli.

Mzee wa pili.

— Baiskeli, na ilifika Tabora.


Baiskeli.



Baiskeli.



Bai


Kalamu ya Fulgence ilikuwa hewani. Nilikuwa nakaribia, mbele yangu watu wawili, kisha mmoja, kisha hakuna mtu.

Nikafika kwenye kiti. Nikasimama wima.

— Miguu, nikasema.