Yaya Habebi Asiyefungwa

"Siikati," alisema Kapteni Mwanawima, mikono kiunoni. "Hata ukinililia hapa mpaka kesho, Mheshimiwa, siikati."

"Nani analia? Hili ni jasho," alisema Waziri Mpakaze.

"Basi futa. Unalidondoshea bawa langu."

Ugomvi huo ulikuwa umeanza tangu chai ya asubuhi, nao ulihusu kipande cha mti kisichozidi urefu wa mwiko.

Nchi ya Shangweni ilisimama juu ya makofi. Huko barabara zilizinduliwa kabla hazijachongwa, visima vilipigiwa vigelegele vikiwa vikavu, na wananchi, ambao viganja vyao vilikuwa vimekomaa kama nyayo, walipangwa tangu alfajiri kando ya kila jambo ambalo Mtukufu Lumbanga alikusudia kulifanya. Mtukufu hakuwahi kukosea, maana katiba ilisema kwamba neno lake likishamtoka mdomoni limekamilika: haliulizwi, haliongezwi wala halipunguzwi, hata na yeye mwenyewe. Siku aliposema mvua inyeshe Ijumaa na mvua isinyeshe, Ijumaa ndiyo iliyosogezwa.

Katika nchi hiyo palikuwa na ndege ya kijeshi ya mafunzo, iliyonunuliwa enzi za babu yake Mtukufu, wakati mtu kuruka angani bado kulihesabiwa uchawi. Ilikuwa ya mbao, nyaya na kitambaa kilichopakwa gundi, yenye mabawa mawili, moja juu ya jingine, na viti viwili, cha mbele cha mwanafunzi na cha nyuma cha mwalimu. Kila kiti kilikuwa na fimbo yake ya kuongozea, na fimbo hizo ziliungwa chini ya sakafu, moja ikienda kushoto na nyingine inakwenda kushoto, ili mwanafunzi akichanganyikiwa mwalimu amrudishe nyumbani. Wanajeshi waliiita Yaya. Iliwalea marubani wote wa Shangweni, ikawatapisha, ikawafundisha adabu.

Zamani Yaya walikuwa watatu. Wa kwanza wakubwa walimvua kitambaa wakashonea suti za sikukuu. Wa pili alikufa siku injini ilipokohoa na Jenerali Ng'atamo akaing'ang'ania fimbo ya mbele kwa mikono miwili na magoti. Mwalimu wa nyuma alivutana naye mpaka wote wakaingia kwenye kinamasi. Mwalimu alizikwa. Jenerali alipewa nishani ya kuogelea. Mwalimu huyo alikuwa mume wa Mwanawima.

Huyu wa tatu, aliyebaki, bawa lake la juu lilipakwa rangi ya dhahabu likaitwa Serikali. La chini liliitwa Wananchi, likatiwa viraka vya magunia ya unga.

Sasa Mtukufu alitaka kupaa siku ya sherehe, watu wote wakimwona, na Kapteni akae nyuma yake bila fimbo, kama pambo.

"Nchi ina mwongozaji mmoja," alisema Waziri. "Wewe ukikaa nyuma na fimbo, watu watafikiri nini?"

"Kwamba kuna mtu humu anayejua kurusha ndege."

"Mtukufu anajua."

"Tangu lini?"

"Tangu jana jioni. Imetangazwa redioni."

"Nina watoto wawili, Mheshimiwa. Baba yao aliuawa na mtu asiyejua kuachia. Nikianguka na mimi, utawalea wewe? Wewe ambaye hata kuku wako wanalishwa na jirani?"

Kabla Waziri hajajibu, Mtukufu alitokea ndani ya buti zilizomzidi, miwani ya upepo ikiwa juu chini.

"Kelele za nini?"

"Fimbo, Mtukufu," alisema Waziri. "Ziko mbili."

"Fimbo mbili katika nchi moja? Kata moja."

Waziri alifungua mdomo aulize ipi, akakumbuka katiba, akaufunga. Mtukufu naye alitaka kuongeza "ya nyuma", lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka, limekamilika. Alikohoa tu.

"Nimesikia, Mtukufu," alisema Mwanawima. Alichukua msumeno, akakipita kiti cha nyuma bila kukitazama, akaweka goti kwenye kiti cha mbele na kukata. Kisha akakichomeka tena kile kipande juu ya kisiki chake, kikasimama wima kwa heshima zote.

"Hiyo ndiyo ya kwako, Mtukufu. Kuna swali?"

Swali lilikuwepo, lakini bendi ilikwisha kuanza na makofi yalikuwa yakivuma uwanja mzima, na huko Shangweni hakuna mkubwa aliyewahi kuyageuzia makofi mgongo. Mtukufu akapanda.

"Mkanda," alisema Mwanawima.

"Mimi sifungwi."

"Huyu ni Yaya, Mtukufu. Habebi asiyefungwa." Na kabla neno lile halijapata wa kulitekeleza, alikwisha kumkaza mikanda kama mtoto wa mgongoni, akampigapiga begani, akaenda kiti cha nyuma.

Walipaa. Mtukufu alisukuma fimbo kulia, Yaya akaenda kushoto. Aliivuta, ikang'oka nzima nzima, ikabaki mkononi mwake. Kwa kukosa la kufanya aliiinua juu, na watu chini, wakidhani wanasalimiwa, walishangilia mpaka vumbi likapanda.

"Tuelekee wapi, Mtukufu?" Mwanawima alimpazia sauti katikati ya upepo.

Mtukufu alitazama chini, akafumba macho.

"Popote," alisema.

Neno likakamilika.

Mwanawima aliona kinamasi kiking'aa upande wa kushoto, na ikulu upande wa kulia. Hakufikiri sana. Aliipeleka fimbo yake pembeni mpaka mwisho na kumpindua Yaya hapo hapo juu ya jukwaa kuu, dhahabu ikatazama udongo na magunia ya unga yakapata jua.

Ilianguka miwani. Zikaanguka buti, moja baada ya nyingine, kisha nishani, ile ya urubani ikiwa ya kwanza. Mwisho ikashuka fimbo, ikatua miguuni pa Waziri Mpakaze. Aliitazama, akatazama juu, asijue kama inafaa kupiga makofi. Uwanja mzima viganja vilikuwa vimesimama hewani, na Yaya, tumbo juu, alikuwa bado anakwenda.