Uwanja wa Tanuri

Mama yake Bonge alikuwa anakufa, na mtaa mzima ulijua. Tena alikuwa anakufa na heshima zake: kitambaa kichwani, shuka limenyooka, na ole wake aliyekuja kumwombea kwa kunong'ona. Alimwambia apaze sauti, maana Mungu anasikia lakini yeye mgonjwa hasikii kitu.

Shida ilikuwa uwanja wa nyuma. Hapo ndipo lilipojengwa tanuri la mikate lililowalisha miaka yote, na sasa jirani yao, fundi viatu, mtu wa maneno mengi na shukrani chache, alikuwa anaudai. Alisema marehemu baba yake aliwaazima tu. Walioshuhudia walishatangulia mbele za haki, akabaki mama peke yake. Mwenyekiti wa mtaa akaahidi kuja kumsikiliza, na atakalosema ndilo litakalomaliza ubishi.

Bonge akamwahi mama asubuhi. Akapiga magoti, jitu zima na kitambi chake, akamsihi aseme uwanja ni wao, basi. Wajukuu watakula nini? Na huyo fundi viatu, kwani ni mtu wa kuhurumiwa? Si ndiye aliyewatukana hata kwenye msiba wa baba?

Mama alimsikiliza mpaka akaishiwa maneno.

"Mwanangu, nimetembea na Yesu tangu ubinti wangu. Sasa mlango wa nyumbani nauona ule pale. Unataka nimwachie mkono hapa kizingitini?"

Bonge akatoka amenuna.

Mwenyekiti alipofika, mama aliomba ainuliwe akae. Akasema waziwazi kwamba uwanja ni wa jirani. Mumewe aliuomba kwa kuazima, akapewa kwa moyo mweupe. Kisha akamnyooshea mkono fundi viatu, akamtakia baraka. Fundi, aliyekuja amejaa majibu, akabaki kuangalia viatu vyake mwenyewe. Bonge alikuwa amesimama mlangoni, roho inamuuma kwa ajili ya tanuri, na papo hapo kifua kimemjaa fahari. Huyu ni mama yangu, aliwaza. Wengine wana mama wa namna hii?

Wiki ile ile akafariki, kwa amani, akiwa anaimba nusu ya ubeti.

Baada ya mazishi Bonge alishika nyundo kubwa akaenda uwanjani kubomoa tanuri. Shemeji yake, mjanja wa kuzaliwa, akamvuta pembeni. Akamwambia asiwe mjinga: wazee wakikaribia kufa akili huwaruka, kila mtu anajua. Amwambie tu mwenyekiti kwamba mama hakuwa sawa siku ile, na tanuri litabaki.

Bonge hakujibu kwa kunong'ona. Fundi viatu alimsikia, na wapita njia pia.

"Mama yangu amekufa na akili zake zote, shemeji. Alisema kweli mpaka mwisho. Sogea, matofali yanashuka."

Akainua nyundo.