Sufuria Iliyoitika

Jumanne asubuhi Mzee Kifuniko aliingia duka la vyombo, akavua kofia, akaanza kubishia hodi masufuria. Kweli kabisa, hodi. Anakunja kidole cha kati, anagonga ubavuni, ko! Halafu anainamisha sikio kama mtu anayengoja kukaribishwa ndani. Ko! Anasikiliza. Ko! Anasikiliza. Wateja wawili wakasogea pembeni kidogo, si unajua watu.

Jina hilo la Kifuniko alilitoa kazini. Miaka thelathini na moja alikuwa kwenye kiwanda cha kusubu chuma, yaani kukiyeyusha na kukimimina kwenye kalibu, na kazi yake ilikuwa vile vifuniko vizito vya duara, vya mashimo ya maji machafu, ambavyo wewe unavikanyaga barabarani bila hata kuviangalia. Yeye anaviangalia. Mpaka leo akipita juu ya kimoja lazima akigonge kwa kisigino. Kikilia vizuri anatabasamu mwenyewe. Kikilia vibaya anasema, "Hiki si cha zamu yetu." Chuma kikishayeyuka, pale kiwandani walikiita uji, ndiyo maana alipenda kuwaambia watu kwamba amepika uji miaka thelathini na moja na hakuna aliyewahi kuunywa. Mzaha huo marehemu mkewe aliusikia sana, mpaka ikawa mzee anauanza na mkewe anaumalizia.

Lakini siku hiyo hakuja kwa mzaha. Binti yake, ambaye tangu ajifungue wawili kwa mpigo watu wote wanamwita Mama Pacha, alikuwa amempigia simu Jumapili, na sauti ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuamua.

"Baba, Jumamosi nakuja na gari. Unahamia kwangu. Mwezi huu peke yake umeunguza sufuria mbili, majirani wametoka nje kwa moshi. Ya tatu siingoji."

Mzee akabisha, akabembeleza, akanuna. Mwisho akasema, "Basi Jumamosi njoo na njaa. Nikikupikia chakula cha maana, unaniacha kwangu. Nikiunguza, nitapakia hilo gari mwenyewe."

Binti akasema, "Haya, baba. Lakini maboksi nakuja nayo."

Sasa kwa binti si kubaya, tuseme ukweli. Kuna kitanda kizuri, kuna wajukuu. Ila kule angekuwa mgeni asiyeondoka. Huku kwake ni vyumba viwili tu na jiko la gesi la plate mbili, lakini mlango anaufungua yeye na anaufunga yeye.

Mzee alikuwa ameshafanya uchunguzi wake. Masufuria aliyounguza yalikuwa yale mepesi, membamba, ukiyaacha dakika moja unaongea na jirani mlangoni, yameshakufanyia uhaini. Hayatoi taarifa. Chuma kizito, huyo ni mtu mwingine. Kinapata moto polepole, kinaushika, kinaugawa sawasawa. Ndiyo akafuata sufuria ya chuma cha kusubu, ile iliyopakwa enameli ndani na nje, ganda linalong'aa kama kioo.

"Mzee wangu, nikusaidie?" Mwenye duka alikuwa mtu mnene, miwani kaipandisha kipajini, anahema akizunguka kaunta.

"Nazungumza nazo kwanza."

"Hizo za juu ndizo zenye jina kubwa. Hizi za chini ni za bei nafuu. Lakini zote zinapika."

Mzee akagonga ya juu. Ikalia vizuri, haina ubaya. Akarudi chini kwenye zile za bei nafuu. Ya kwanza ikajibu koff, kama mtu mwenye kikohozi. Ya pili hivyo hivyo tu. Ya tatu, rangi ya manjano kama kiini cha yai, akaigonga na sauti ikatoka nyororo, ndefu, ikazunguka ndani ya duka na kurudi.

"Umesikia?" mzee akasema, uso umemchanua. "Imeitika. Hii nzima. Ile ya kwanza ina ufa, weka pembeni usije ukamuuzia mtu."

"Ufa? Mbona haionekani?"

"Wewe unaangalia. Mimi nimeiuliza."

Mwenye duka akacheka, akaifunga, akatoa kikaratasi. "Haya ni maelekezo, mzee wangu. La kwanza kabisa, usije..."

"Ndugu yangu," mzee akamkatiza, mkono kauweka kifuani, "mimi ndiye nifundishwe chuma?" Kikaratasi akakitia mfukoni. Kusoma kwake kulikuwa kwa kubahatisha, na herufi zile zilikuwa ndogo kama sisimizi.

Akaibeba kifuani kama mtoto. Kufika, jirani yake akamwona. Huyu jirani ni fundi wa nguo, cherehani lake liko koridoni mlango unaofuata. Mwanamke huyu alikuwa shoga wa marehemu mke wa mzee, kwa hiyo yeye na mzee wanaitana shemeji na hawana adabu hata kidogo.

"Weee! Shemeji kaiba kifuniko cha barabarani!"

"Wivu tu huo, shemeji. Wewe una bati, mimi nina chuma."

"Na ukiunguza hiyo, moshi wake nao utakuwa mzito?"

"Jumamosi utakuja kuomba mchuzi hapa, nitakupa mfupa."

Jumatano ikawa siku ya majaribio, na hapo ndipo ujuzi wake ulipomponza. Kiwandani, kabla ya kumimina uji kwenye ndoo, ndoo lazima ipashwe moto ikiwa tupu mpaka iwe nyekundu. Ikiwa na unyevu kidogo tu, uji unaruka, na anayerukiwa hasimulii. Mkono wake ulikuwa umeshaizoea kazi hiyo kuliko kichwa. Akaiweka ile sufuria ya manjano kwenye moto, tupu, moto wote, akatoka mlangoni na kisu na vitunguu, akakaa anamenya.

Cherehani la shemeji linanguruma, redio ya mtu inaimba. Katikati ya hayo yote mzee akasikia, tik.

Akaacha kitunguu. "Nimeiua," akasema.

"Umeua nini?" shemeji akauliza.

Mzee alikuwa ameshaingia ndani. Akazima gesi, akachungulia. Pale chini katikati kipande cha enameli ukubwa wa ukucha kilikuwa kimeruka, na kuzunguka pale mistari imechanika kama matope yaliyokauka. Akakaa kwenye kiti cha jikoni. Akatoa kile kikaratasi, akampa shemeji aliyekuja nyuma yake.

"Nisomee."

Shemeji akakisogeza mbali na macho, akasoma. "La kwanza. Usiweke kwenye moto ikiwa tupu." Akakikunja. Hata utani ukamwishia, na hilo si jambo la kila siku.

"Kumbe chuma hakina neno," mzee akasema taratibu. "Lile ganda ndilo lisilopenda. Chuma na kioo havitanuki pamoja. Na mtu alitaka kuniambia, nikamziba mdomo."

"Sasa sikia, shemeji. Jumamosi ukishajaza nyama, nani atachungulia chini? Pika tu."

"Kioo kikizidi kubanduka je? Nimlishe mwanangu vigae ili nibaki kwangu? Hapana. Hii imekufa."

Akaiosha, hata hivyo, akaipangusa, akaiweka dirishani. Chakula cha siku hiyo kilikuwa mkate na chai.

Alhamisi akarudi dukani, sufuria kwapani. Njia nzima hakugonga kifuniko hata kimoja. Mwenye duka kumwona tu, akashusha miwani, akachungulia ndani. "Aa, pole, mzee wangu. Hii imekuja na kasoro ya kiwanda. Tunakubadilishia, usijali."

Unaona mtego huo? Angeitika tu "ndiyo" angeondoka na mpya. Mzee alisimama pale akiigeuzageuza kofia.

"Kiwanda hakina kosa. Kasoro ni yangu. Niliipasha tupu, moto mkali, kama ndoo ya uji. Wewe ulitaka kunionya nikajifanya profesa. Nimekuja kununua nyingine, na safari hii nisomee kikaratasi chote, hata pale wanapoandika wametengeneza wapi."

Mwenye duka akaiweka kaunta ile sufuria. Halafu akasema, "Ile uliyosema ina ufa, juzi nikaijaza maji. Asubuhi nikakuta chozi limetoka chini. Mzee wangu, mimi nina shehena nzima stoo, na sijui ipi nzima ipi mgonjwa. Unaweza kuniulizia zote?"

Basi, Mzee Kifuniko akakaa stoo mpaka mchana, juu ya kreti, anagonga moja moja, mwenye duka anafuata na chaki. Hii imeitika. Hii imeitika. Hii hapana, pitisha kidole hapa chini ya mkono wake, umeusikia ufa? Nne zikapigwa msalaba. Mwisho mwenye duka akamwambia achague yoyote, ndiyo ujira wake, na asimletee ubishi. Mzee akachukua ya manjano tena. Zilikuwepo nyekundu nzuri kweli, lakini alitaka ile ile, ili aliyekosea ajirekebishe palepale. Ile iliyobanduka akarudi nayo nyumbani, akaiweka tena dirishani.

Ijumaa akapikia humo viazi na karoti tu, kwa kujifunza. Mafuta na kitunguu vinaingia kwanza, ndipo moto, na moto wenyewe mdogo. Mwiko ni wa mti. Chakula kikishaiva hakuna kuimwagia sufuria maji baridi, inaachwa ipoe kwa muda wake. Kifuniko chake kizito kinabana mvuke, kwa ndani kina vinundu kama chunusi, na mvuke unakusanyika pale na kudondokea chakula tena. Mzee akakishika kile kifuniko muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kilikuwa kimesubiwa vizuri. Aliyekimimina hakuwa na haraka.

Jumamosi Mama Pacha akafika, maboksi matupu kayakumbatia mpaka kidevuni. Akasimama mlangoni, pua ikafanya kazi kabla ya mdomo. Hakukuwa na moshi. Kulikuwa na nyama, nyanya, kitunguu kilichoyeyuka. Akayashusha maboksi bila neno. Halafu jicho lake likaenda dirishani, kwenye ile sufuria nyingine. Akaichukua, akachungulia.

"Baba. Hii ni nini? Na ya tatu umeunguza?"

Shemeji, aliyekuwa ameshajipatia kiti na sahani, akafungua mdomo amtetee. Mzee akamnyamazisha kwa mkono.

"Sikuiunguza, nimeipasua. Niliiweka motoni tupu, Jumatano. Ningeweza kuificha uvunguni, lakini nimeiacha hapo uione."

"Sasa ndiyo ninachosema, baba! Unaweka kitu motoni halafu unatoka nje..."

"Alikuwa mlangoni anamenya vitunguu," shemeji akashindwa kujizuia. "Mimi niko na cherehani, redio inapiga kelele. Akasema tu, nimeiua. Mimi sikusikia kitu!"

"Ulisikia nini, baba?"

"Tik."

"Tik?"

"Tik moja. Chombo kizito kinasema, mwanangu. Vile vyembamba ndivyo..." Ghafla akainua kidole. "Ngoja."

Wakangoja. Mama Pacha akatega sikio. Hakuna kitu, sufuria inatokota kama ilivyokuwa inatokota.

"Imebadilisha sauti," mzee akasema. "Ilikuwa inaongea na maji, sasa inaongea na mafuta. Mchuzi umeshika." Akainuka, akaingia jikoni. Mama Pacha akamfuata nyuma nyuma. Mzee akafunua kwa kitambaa. Mchuzi ulikuwa umekuwa mzito, umevuta pembeni, mafuta yameelea juu yanang'aa. Kidogo tu na chini ungeanza kugandia. Akazima gesi.

Mama Pacha aliangalia sufuria, akamwangalia baba yake, akarudi kwenye sufuria. Huyu ndiye mtu ambaye wiki nzima alikuwa anawaambia watu kwamba hajitambui tena jikoni.

Walikula. Nyama ilikuwa inaachana na mfupa yenyewe, mtu hana haja ya kuilazimisha. Mama Pacha aliongeza mara mbili, na mara ya tatu alisimama akataka kukwangua chini kwa kijiko cha chuma.

"Mwiko wa mti!" mzee akapaaza sauti. "Ndilo la tatu kwenye kikaratasi!"

"Samahani, profesa," binti akasema, na shemeji akacheka mpaka akapaliwa.

Baada ya chai Mama Pacha akaanza kuyakunja maboksi, moja moja, yakawa bapa. Mzee alikuwa anapangusa meza, palepale, palepale, meza imeshakauka zamani.

"Baba, hilo duka bado liko wazi saa hizi?"

"Mpaka jioni. Kwa nini?"

"Nataka na mimi ya bei nafuu. Unisindikize, unigongee." Akayatia maboksi kwapani. "Haya nitarudi nayo nyumbani, pacha watachezea."

Mzee akaacha kitambaa mezani. Alitafuta kofia yake, akaikosa, na ilikuwa kichwani.

Wakatoka, shemeji anawapigia kelele nyuma kwamba naye aletewe. Mtaani, mbele ya duka la viatu, kuna kifuniko cha chuma katikati ya njia. Mzee aliinua kisigino kama kawaida yake, lakini binti akamtangulia. Akarudi hatua moja, akakikanyaga kwa nguvu zake zote. Ngooo!

"Kimeitika, baba?"

Mzee akasikiliza mpaka sauti ikaisha kabisa.

"Hicho nilikimimina mwenyewe," akasema.